Mashapo, Jini Niliyemshona Mwenyewe

Wanangu mnaotaka kutengeneza filamu za majini na mashetani, mimi sikusoma. Darasa la nne niliingia mlangoni nikatokea dirishani, na sikurudi tena. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Mkiona nimekata kona, nisubirini, nitarudi. Nisiporudi mjue nimepotea kweli, maana jambo ninalotaka kuwaeleza limenizunguka kichwani miaka mingi na bado sijapata pa kulishika.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kilikuwa Bagamoyo, nashona kanzu, mabuibui, sare za shule. Siku moja akaja kijana wa bara, jina lake Deo, kofia kaigeuza kisogoni.

"Shikamoo, mzee. Nataka nguo ya jini."

"Marahaba. Jini huyo kifua inchi ngapi?"

Nilidhani anatania, nami nikatania. Yeye akafungua daftari, akasoma: "Arobaini na mbili. Mikono mirefu, mzee, ipite vidole."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Deo alikuwa dairekta, anatengeneza picha za kutisha na za watu wanaotafuta hazina za kale kwenye magofu. Nguo ikazaa kofia, kofia ikazaa kucha, kucha zikazaa uso mzima. Mwisho wake nikawa ndiye mtu wa mashetani. Akihitajika shetani popote kuanzia Kerege hadi huku kwetu, naitwa mimi.

Basi niwape machache ya mkono kabla sijasahau. Uso wa jini tulikuwa tunaupaka unga wa muhogo. Usiupake juu ya jasho. Joto la pwani mnalijua. Dakika tano unga umegeuka ugali na jini anadondoka vipande vipande. Anza na mafuta ya nazi, kidogo sana, yafute, ngoja, ndipo unga. Masizi ya chungu kwa macho, lakini pembeni tu. Nilimtia mtu mmoja masizi ndani ya jicho, akatembea na bakuli la maji wiki nzima, na mama yake akija dukani hanisalimii.

Damu, siku hizi mnaichora kwenye kompyuta, hongereni. Sisi tulichemsha choya, yale maua mekundu ya juisi, mpaka ikakolea, halafu mimi kwa akili zangu nikatia sukari ili inate. Tukampaka jini wetu, kijana mrefu aitwaye Shomari, tukamlaza ndani ya gofu ili afufuke akiambiwa. Sukari ile iliwaita sisimizi wa mji mzima. Shomari alifufuka kabla ya zamu yake, anajipiga mapaja, anazunguka, analia, "Mama nakufa!" Deo naye anapiga kelele, "Hiyohiyo! Usikate! Endelea, kaka!" Ndiyo sehemu watu waliyoipenda kuliko zote. Waliniuliza ngoma ile ya kijini Shomari alifundishwa na nani. Nikasema ni siri ya kazi. Sasa mmeijua. Koleza kwa uji wa muhogo, sukari achana nayo.

Tuligombana sana mimi na Deo juu ya pembe. Yeye kila shetani anataka pembe.

"Deo, jini wa kwetu hana pembe."

"Sasa watu watajuaje kama ni jini?"

"Anakuja amevaa vizuri kuliko wewe. Ananukia. Anatoa salamu. Kila kitu chake kimenyooka, isipokuwa kimoja."

Hilo lishikeni. Shona kanzu safi, kofia safi, kola imekaa, kisha haribu kitu kimoja tu. Ukiharibu vyote, mtazamaji anacheka. Ukiharibu kimoja anakitafuta, na akishaanza kutafuta umempata.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, Mashapo.

Ikafika picha moja Deo akataka pepo wa kweli, mwenye jina lake na ngoma yake. "Watazamaji wa sasa wanajua, mzee. Ukidanganya wanakucheka." Mimi mambo hayo nayajua kwa kuyaona tu kama mtoto yeyote wa pwani, kwa hiyo nikampeleka kwa Bibi Mwanakheri, mkubwa wa ngoma ya pepo mtaani kwetu, mtu aliyenifundisha mengi kuliko shule. Alimsikiliza Deo mpaka mwisho huku anachambua mchele, halafu akaniuliza mimi:

"Selemani, huyu mtoto amekula?"

"Amekula, bibi."

"Basi si njaa. Ni ujinga tu."

Akatueleza. Kila pepo ana kitambaa chake, mapigo yake, chakula chake, na harufu ya moshi wake. Mtu akishikwa huitwa kiti, maana pepo amemkalia. "Ukivaa nguo ya mwenyewe, ukapiga ngoma yake, ukamwandalia chakula chake, umemwalika," akasema. "Akija utamwambia nini? Kwamba ulikuwa unapiga picha?"

Deo akauliza, sasa tufanyeje, watu wameshajiandaa. Bibi akasema, "Changanyeni. Nguo ya huku, ngoma ya kule, chakula ambacho hakuna pepo anayekila. Na jina mtunge. Hapo hata mkiita mpaka koo likauke, hakuna wa kuitika, maana hayupo mwenyewe."

Nikachanganya. Nikashona nguo, kulia nyekundu, kushoto kijani, mshono katikati kama shamba lililogawanywa na ndugu. Ngoma tukaweka mapigo ya kumsindikiza bibi harusi. Chakula nikasema kashata na kahawa chungu. Deo akaguna, "Jini anakula kashata?" Nikamwambia ndiyo maana hatatokea. Jina nililipata palepale barazani, nimemaliza kikombe, natazama chini naona mashapo ya kahawa. Nikasema, anaitwa Mashapo.

Nina jambo moja la aibu hapa. Nikiwa kwenye bega la kushoto sindano ya cherehani ilikatika, na Deo yuko nje ananipigia honi. Nikalimalizia bega kwa mkono, nyuzi ndefundefu za haraka, mshono wa mwanagenzi. Nikafunika kwa shali, na katika picha nzima shali lile halikutoka. Aliyejua ni mimi, na Shomari aliyekuwa anakwaruzwa na fundo la uzi.

Picha ikatoka, ikapendwa. Wakati ule picha zinatembea kwa sidii, kijiji hata kijiji. Miaka ikaenda. Bibi Mwanakheri akafariki, Mungu amrehemu. Deo akageukia kupiga picha za maharusi. Macho yangu yakakataa kuona tundu la sindano, nikafunga cherehani.

Asubuhi moja bodaboda ikasimama kibarazani. Akashuka mwanamume mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye fundi Selemani?"

"Marahaba. Ndiye, ila sishoni tena."

"Mimi naitwa Ramadhani, natoka Fukayosi. Mke wangu amekaliwa na Mashapo."

Nilicheka. Wanangu, sitaki kuwaficha, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ramadhani akasimama tu ananitazama, na nilipomaliza akaendelea palepale alipoachia. Mkewe, Tabu, siku ya tisa hajala. Anachokunywa kinarudi. Mganga wao amepiga ngoma zote anazozijua, hakuna iliyompata. Mama yake Ramadhani amechoka, anasema mwanawe hakuoa jini, arudishwe kwao. Na huyo Mashapo mwenyewe, akisema kwa kinywa cha Tabu, anataka nguo yake nyekundu na kijani, na anataka aitwe fundi wake.

"Mzee, mimi sitaki kumrudisha," akasema. "Nifanye nini?"

Nikatafuta kitambaa, nikamwomba jirani anitilie uzi, nikaifungua cherehani nikashona nguo ile upya, mchana ule ule, Ramadhani amekaa kando. Sikushona kwa imani. Nilishona kwa sababu sikujua la kumwambia.

Tulifika Fukayosi alasiri. Uwani watu wamejaa, ngoma zinapigwa, nami nikasita kuingia, kwa sababu yalikuwa yale mapigo ya bibi harusi. Wapigaji waliniambia Tabu ndiye aliyewagongea kwa vidole kwenye ukuta. Mama mkwe akanitazama juu mpaka chini.

"Huyu ndiye fundi? Mbona kanzu yake mwenyewe imefumuka?"

Watu wakacheka. Tabu hakucheka. Alikuwa amekaa mkekani, midomo myeupe, kucha nyeupe, mifupa ya shingo imesimama. Na sikilizeni hili, nyie wa filamu. Waigizaji wetu wakishikwa hunguruma kama chui. Tabu alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya mtu aliyechoka.

"Umechelewa."

"Samahani," nikasema. Sijui kwa nini niliomba radhi, wala nilikuwa namwomba nani.

Nikamtandazia nguo mapajani. Akapitisha mkono polepole kwenye wekundu, kwenye kijani, kwenye mshono wa katikati. Akafika bega la kushoto, mkono ukasimama.

"Hii si yangu. Yangu bega hili ulilishona kwa mkono."

Wanangu, mimi nimewatisha watu kwa kazi zaidi ya miaka ishirini, na siku ile nilijua kwamba sikuwa naijua hofu. Haianguki ghafla kama kwenye picha. Inapanda taratibu kama maji kujaa.

Baadaye nilitafuta njia za kulieleza. Ramadhani anasema mkewe hajawahi kuiona picha ile. Wifi yake Tabu anasema aliiona mara mbili kwenye kibanda cha video, na alilia. Sawa, kama aliiona, nguo aliijua, ngoma na kashata alivijua. Lakini bega lilikuwa chini ya shali. Nikamwendea Shomari, siku hizi anauza vipuri Ubena, nikamuuliza kama aliwahi kumsimulia mtu habari ya bega. Akakuna kichwa. "Mzee, mimi nimewasimulia watu wengi mambo mengi." Basi. Kila njia ninayoishika inanifikisha katikati ya pori na kuniacha.

Narudi uwani. Mganga wao, mama wa makamo aitwaye Binti Pazi, aliona uso wangu, akanivuta nyuma ya jiko. Nikamwambia ukweli wote. Kwamba Mashapo ni mashapo ya kahawa, kwamba nguo, ngoma na kashata nimevichanganya mimi ili asiwepo wa kuitika, na kwamba ndivyo alivyotuelekeza Bibi Mwanakheri.

"Bibi Mwanakheri nilimjua," akasema. "Alikuambia nusu. Nyumba yenye mwenyewe mtu hapiti tu akaingia. Isiyo na mwenyewe ndiyo hupata mpangaji."

"Mpangaji gani?"

"Mimi nitajuaje? Nyumba umejenga wewe."

Nikamuuliza sasa nifanyeje. Akanijibu bila kupepesa. "Ukitoka hapo useme umetunga, mama mkwe atasema mwanamke anaigiza, na kabla ya magharibi atapakiwa bodaboda kurudi kwao katika hali ile. Ukinyamaza, itabidi nipige ngoma siku saba, na mimi sidhani kama siku saba anazo. Umeziona kucha zake?"

"Nimeziona. Huyu ni wa hospitali."

"Nimewaambia mara mbili. Hawataki. Mwenye pepo akichomwa sindano hufa, kila mtu anajua hivyo. Mimi nina uwezo wa kumtoa pepo, sina uwezo wa kumtoa mama mkwe."

Nikarudi mkekani. Nikaomba wembe, nikalifumua lile bega, nikaanza kulishona kwa mkono. Macho hayaoni, nimejichoma mara ngapi sijui. Ngoma zimenyamaza, watu wote wananitazama, na mimi nashona polepole makusudi, kwa sababu sikuwa na neno hata moja kichwani. Na nguo ilipokwisha neno likaja, sikulitafuta.

Nikamvisha Tabu begani. Nikasema kwa sauti watu wasikie, "Mashapo, nguo yako hiyo. Sasa chakula huwezi kula, kiti chako ni kibovu. Lazima kitengenezwe. Mimi nakupeleka hospitali Bagamoyo."

Mama mkwe akasimama. "Weee! Jini gani anakwenda hospitali? Unataka kuniulia mkwe wangu uwani kwangu? Sindano na pepo wapi na wapi?"

"Hao pepo wengine, mama," nikamwambia. "Wengine sikuwashona mimi. Huyu kila kitu chake kimepitia kwenye sindano, bega mpaka pindo, na mmeona sasa hivi. Kama kuna jini duniani asiyeogopa sindano ni huyu. Muulizeni mwenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, wanangu, na ndipo ninapopaota mpaka leo. Kwa sababu angesema hapana, ingekuwa hapana. Na mimi nilikuwa namuuliza nani? Kama ni Tabu, alikuwa amezimia nusu. Kama ni Mashapo, hayupo, nimemtoa kikombeni. Lakini nilingoja jibu, nimekodoa macho kama wao, na nilikuwa naomba kimoyomoyo, nikimwomba Mungu au nikimwomba huyo, sikuweza kutenganisha.

Kuku mmoja akapita katikati yetu, akadonoa mkeka, akaenda zake.

"Twende," Tabu akasema. "Fundi asikae mbali."

Tukampakia kwenye gari la kubebea mananasi, Binti Pazi amempakata kichwa, mimi nimeshika miguu. Mama mkwe alipanda wa mwisho, bado anasema, lakini alipanda, na shuka aliyomfunika nayo ilikuwa yake. Hospitali walimchoma sindano wote tukishuhudia. Hakufa. Nesi akasema damu imepungua vibaya, kuna malaria, na kuna mimba changa ambayo mwenyewe hakuwa ameisema. Akatugeukia. "Siku zote hizi mlikuwa mnafanya nini?" Tukatazamana. Ungeanzia wapi?

Sasa mtaniuliza, babu, tutumie majini ya kale kwenye picha zetu au tusitumie? Zamani ningekuwa na jibu. Ningewaambia changanyeni, msimtaje mwenye jina, basi. Sasa sijui. Nikisema tungeni wenu, nawakumbuka wapigaji wa Fukayosi. Nikisema msitunge, namkumbuka Tabu yule, na kwamba neno la mganga mwenye pepo wa kweli halikusikilizwa, la jini wa kahawa ndilo lililompandisha gari. Nawaambieni tu kwamba nguo ukishaitoa dukani, huchagui itavaliwa na nani.

Siku ya tatu hospitalini wenzangu walikwenda kununua chai, nikabaki naye peke yangu. Alikuwa amefumbua macho, anatazama dari. Nikaona huu ndio wakati. Nikamwambia, mwanangu, nina la kukuungamia. Nikamweleza yote, Deo, kashata, kikombe, jina. Nikamwambia Mashapo hayupo, nimemtunga mimi, na kama ulisumbuka kwa ajili yake, basi nisamehe.

Alinisikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Babu," akasema, "wewe umeshona kanzu tu. Tangu lini fundi wa kanzu akawa ndiye aliyemuumba mtu wa kuivaa?"

Nikataka kumuuliza habari ya bega, nikaogopa atanijibu. Akageuza kichwa akaniambia ana njaa. Uji ulikuwepo mezani, umefunikwa. Nikaukoroga, nikampa kijiko kwa kijiko, na katika vijiko vile vyote sikujua nilikuwa namlisha nani. Ila bakuli lilirudi tupu.